Amortisere za Gari ya Papa

Papa aliendesha jeep yake tangu nikiwa msichana. Alishusha maziwa kutoka malisho yetu ya Masisi hadi Sake, na msimu mwingine alivuka hadi Mpofi, upande wa Walikale, kuleta mafuta ya mawese. Siku alipoteleza zizini na kuumia mgongo, usukani ukawa wangu.

Daktari wa Goma alitaka kumwona mara kwa mara. Safari ya kwanza nilimlaza nyuma juu ya godoro. Amortisere za nyuma, zile bomba za chuma zinazozuia gari kurukaruka, zilikuwa zimevuja mafuta yote, na kila shimo lilimrusha. Hakulalamika. Tulipofika Mubambiro nilisimama, nikageuka, nikamkuta ameuma kona ya blanketi, machozi yanamtoka.

Tuliporudi nyumbani alisema, "Sipandi tena ile gari. Nibaki tu hapa."

"Papa, utapanda," nikamjibu. "Niachie gari kwanza."

Fundi wa Sake aliingia chini ya jeep, akatoka akitikisa kichwa. "Dada, pièces za kubadilisha za hii modeli haziko tena. Hata Goma hautapata."

"Basi tutatafuta yenye kufanana. Nipe kriki na mita."

Alinitazama kidogo, kisha akaja kunisaidia. Tuliinua shasi, fremu ya chini ya gari, kwa kriki mpaka magurudumu yakaning'inia, nikapima kutoka bulo, ile bolti ya juu inayofunga amortisere, hadi ya chini. Tukaishusha, tukapakia mifuko ya viazi mpaka nyuma ikalala kabisa, nikapima tena. Amortisere mpya ilipaswa kuishi kati ya vipimo hivyo viwili: ikivutwa, iwe ndefu kupita cha kwanza; ikibanwa, iwe fupi kupita cha pili. Mwisho nikapima unene wa bulo na upana wa jicho, tundu la amortisere inamopita. Yote niliyaandika kwa biki kwenye mkono wangu.

Goma nilizunguka kwa wauzaji wa vyuma vya magari yaliyokufa. Mmoja alinipa za minibasi. Jicho lilikaa vizuri, lakini nilipoibana kwa uzito wangu wote ilibaki ndefu.

"Mama, itaingia tu," akasema.

"Itaingia leo. Kesho kwa shimo la kwanza itapasua shasi."

Nilirudi Goma tena na tena, kila nilipomaliza kushusha maziwa Sake. Wengine walichoka nami. Mmoja aliniona kwa mbali akafunika vitu vyake kwa turubai. Nami nilikuwa nimechoka, lakini nyumbani Papa alikuwa anageuzwa kitandani kama mtoto mchanga, na yule aliyekuwa anamgeuza ni mimi.

Mwishowe nilipata mbili za lori dogo. Nilizivuta, nikazibana, nikapima, nikapima tena. Urefu ulikubali. Jicho tu lilikuwa pana kuliko bulo. Nikazichukua hivyo hivyo, na fundi wa Sake akachonga vipande vya bomba vya kujaza ile nafasi, tukazifunga. Kabla ya kumpakia mtu, nilipanda mlima na viazi vyote ndani, nikashuka, nikaingia chini mwenyewe kutazama. Hakuna chuma kilichogusa kingine.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Papa kwamba gari iko tayari.

"Zilitoka gari gani?"

"Lori dogo."

"Na ulipima?"

"Nilipima, Papa. Gari iko juu ya kriki na gari iko na mzigo."

Akakubali kubebwa. Kwenye mteremko wa kwanza masikio yangu yalikuwa nyuma, yakingoja kuugua kwake. Nilisikia sauti yake.

"Weka gia ya pili," akasema. "Ndio unavyoua gari, kushuka na ya tatu."

Nikaweka ya pili. Akaendelea kunikosoa mpaka Goma, breki, kona, honi, nami nilikuwa nalia kwa furaha.