Mjomba alivyobadilisha sitaringi ya gari la mbio ili amkwepe mama mkwe

Wakuu wa bweni, na nyinyi wa bweni la pili mnaoingia kusoma huu uzi wetu wakati sisi tuko kwenye chakula, hamjambo.

Najua karatasi nyingi zilizotungwa kwenye huu uzi nyuma ya mlango zimejaa chumvi. Yule aliyeandika ati alishindana na treni ya Bungoma akaiacha, tulimsamehe kwa sababu alikuwa na malaria.

Yangu ni kweli tupu. Nilikuwa ndani ya gari, kiti cha kushoto, na kovu liko kwa paji la uso, njoo ushike. Ukipata neno moja la uongo, uji wangu wa asubuhi ni wako mpaka tufunge shule.

Twende.

Likizo iliyopita nilikaa Kitale kwa mjomba wangu Wanyonyi, ndugu ya mama. Sisi mjomba tunamwita khocha. Huyu Khocha ni fundi wa matrekta katika shamba la mzungu, sehemu inayoitwa Kwanza. Mzungu mwingine wa jirani alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia gari ambalo kuku walikuwa wameligeuza nyumba ya uzazi.

Ni gari la mbio, la zamani, viti viwili, halina paa. Liko chini sana. Ukiwa umeketi unaweza kuokota jiwe barabarani bila kuinama. Watu wa Kwanza wanaliita Kiatu.

Injini ilikuwa nzima. Breki zilikuwa za kuombea. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa sitaringi. Ukizungusha usukani uko Kitale, gari linasikia ukifika Kiminini.

Sasa mtauliza, mtu anayejiendea pole pole kwa barabara ya murram, haraka ya kukata kona ni ya nini?

Jibu ni mama mkwe.

Kwa wale ambao si Wabukusu, nawafundisha bure. Kwetu mwanaume hakutani uso kwa uso na mama ya msichana anayemwoa. Si ugomvi, ni heshima. Mkikaribiana njiani, mmoja anaingia majanini, anageuza uso, mwenzake anapita. Kwa miguu ni kazi rahisi. Kwa baiskeli pia unaweza. Kwa Kiatu ni bahati na maombi.

Khocha alikuwa anamchumbia Nekesa, wa Mabanga. Ng'ombe walikuwa wameshapelekwa na wakakubaliwa.

Mara ya kwanza alipoenda Mabanga na gari, alimkuta mama ya Nekesa akitoka sokoni na ungo wa kumbikumbi kichwani. Khocha akazungusha usukani haraka. Gari likafikiria. Lilipomaliza kufikiria, ungo ulikuwa chini, kumbikumbi wote wamekunywa vumbi, na mama amejifunika uso kwa leso. Khocha akatozwa kondoo.

Mara ya pili ilikuwa kwenye kona ya mtoni. Akazungusha, gari likaenda moja kwa moja, likasimama mbele ya mama karibu kabisa, kama watu wanaotaka kupimana urefu.

Baba ya Nekesa, Mzee Barasa, akatuma neno. Akimkosea mama tena, aje achukue ng'ombe wake, na Nekesa atabaki nyumbani.

Nekesa mwenyewe alikuja mpaka Kitale kumwona shangazi yake, akapitia kwetu.

"Si uje na baiskeli tu, bana?"

"Mtu mwenye gari aje na baiskeli?" Khocha akasema. "Watasema gari limeharibika."

"Limeharibika."

"Halijaharibika. Linachelewa."

Nekesa akaniangalia mimi kama daktari anayemwangalia jamaa wa mgonjwa. Mimi nikaangalia miti.

Basi tukaanza kazi. Wapenzi wa magari, hapa ndipo mfungue masikio.

Kwanza tulikaza ulegevu ndani ya boksi ya sitaringi. Tukabadilisha pini zilizolika. Tukajaza upepo magurudumu ya mbele mpaka yakalia kama ngoma. Gari likapata nafuu, lakini bado usukani ulitaka mizunguko mingi kama mtu anayesaga mahindi.

Hapo nikakumbuka somo la mtaimbo, yaani wenzo, ambalo nusu yenu mlilala.

Iko hivi. Kwenye boksi ya sitaringi kuna mkono wa chuma unaoning'inia kwenda chini. Ukizungusha usukani, ule mkono unabembea na kusukuma fimbo ndefu, na fimbo ndiyo inageuza magurudumu. Mkono ukiwa mfupi, unasukuma kidogo. Ukiwa mrefu, mbembeo ule ule unasukuma sana. Usukani utakuwa mzito, lakini Khocha ana mabega ya kubeba gunia.

Nikamwambia, "Khocha, turefushe mkono."

Akaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuiona tena. Akaukata ule mkono katikati, akachomelea kipande cha chuma cha jembe la trekta. Kazi safi kabisa.

Shida ikawa moja. Kiatu liko chini. Mkono mpya ulipofungwa uliinama mpaka karibu ufike ardhini. Jiwe la kwanza la barabara lingeung'oa.

Khocha akakaa chini, akafikiri, akapiga mbinja. Halafu akaufungua, akaugeuza utazame juu, pembeni ya bonneti, penye nafasi. Fimbo nayo akaipandisha ikaufuata.

"Chuma ni chuma," akasema. "Juu na chini ni ndugu."

Tukapiga jeki. Yeye akashika usukani, mimi nikalala chini.

"Inasikia?"

"Inasikia, Khocha! Ukigusa tu, imeshageuka!"

Hakuna aliyeuliza imegeuka wapi.

Tulikuja kujua tulipokuwa tunatoka nje. Lango la karakana lilikuwa kushoto. Khocha akazungusha kushoto, na Kiatu, kwa utii na haraka ya ajabu, likaenda kulia likaingia kwenye ua wa kuku.

Wakuu, mkono ukitazama chini unasukuma fimbo mbele. Ukitazama juu, mzunguko ule ule unaivuta nyuma. Kwa hiyo ukigeuza kushoto unaenda kulia, na ukigeuza kulia, unalia.

Mkono wa zamani ndio tuliokuwa tumeukata. Na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ambayo Mzee Barasa alikuwa amewaita wazee wapange siku ya harusi. Khocha asipofika, ni dharau. Nikamwambia tupande basi.

Akakataa. Alikuwa ameshaonja. "Umeona ilivyojibu? Hili gari sasa liko macho. Ni mimi tu nizoee."

Na nawaambia ukweli, alizoea. Mpaka Kiminini tulikuwa tumeshaingia mtaroni mara nyingi na mchungaji mmoja wa mbuzi alikuwa ametutukana kwa lugha tatu. Lakini baada ya hapo Khocha akawa anaimba kwa sauti, "Taka kushoto, peleka kulia," na gari likawa linakwenda kama panga. Kona ambazo zamani alizianza mapema kama mtu anayeandaa safari, sasa aligusa tu. Mwisho hata wimbo akaacha. Tulipofika Bungoma alizunguka karibu na stesheni mbele ya watu, bila sababu yoyote, akitabasamu.

"Unaona?" akaniambia. "Mkono unafundishika."

Tukashika njia ya Mabanga.

Karibu na boma lao kuna mteremko wenye majani marefu pande zote. Mama ya Nekesa alikuwa ametoka kuomba chumvi kwa jirani. Aliposikia ile sauti ya injini, yeye kwa heshima yake akaondoka barabarani mapema, akasimama majanini upande wa kushoto, akatupa mgongo.

Khocha akaona leso.

Wakuu, wimbo wote wa kutoka Kiminini ulimtoka kichwani. Mikono ikarudi shule yake ya kwanza. Mama yuko kushoto, mkono ukakimbilia kulia, kwa nguvu zote.

Na Kiatu, lile lililokuwa linachelewa, likajibu papo hapo. Likaingia majanini kushoto, nyuma ya mama.

Mama akageuka, akaona, akakimbia. Khocha akazidi kuzungusha amwepuke. Kadiri alivyomkwepa ndivyo alivyomfuata. Mama akipinda, na sisi tumepinda.

Nikapiga kelele, "Khocha, kinyume!" Lakini kinyume ni neno lisilomsaidia mtu ambaye tayari yuko kinyume. Akazungusha zaidi.

Matuta ya viazi vitamu ndiyo yaliyotuokoa. Kiatu lilipanda tuta moja, likakwama kwa tumbo, magurudumu ya mbele hewani. Mimi nikapiga kioo kwa paji la uso. Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa bonneti, anahema, na Khocha alikuwa upande huu, anahema. Wakatazamana.

Halafu wote wawili wakakumbuka. Khocha akalaza uso kwenye usukani. Mama akajifunika leso.

"Wewe mtoto," mama akaniambia, "mwulize huyo mtu gari lake linanitakia nini."

Alikuwa hapo hapo, lakini hiyo ndiyo heshima. Nikageuka. "Khocha, unaulizwa gari linamtakia mama nini."

"Mwambie mama si gari. Ni mkono."

"Mama, anasema ni mkono."

"Mwambie na mimi sikuona mkono, niliona gari lote."

Mzee Barasa akatokea na wazee wenzake, fimbo mkononi. Huyu mzee akikasirika, herufi zake hubadilishana viti. "Umemfuata mama mpaka shambani? Balabala haikutosha?"

Khocha akasema aligeuza kwenda kulia, gari likaenda kushoto. Wazee wakacheka kicheko kile ambacho si cha kufurahi.

"Kila mlevi husema hivyo," Mzee Barasa akasema. "Nimemaliza. Kesho uje na kamba ya ng'ombe wako."

Nekesa alikuwa amefika mbio kutoka jikoni, mikono ina unga. Alisimama tu. Sijawahi kumwona Khocha akiwa mdogo vile.

Nikawaomba wazee wazungushe usukani waone wenyewe, magurudumu yako hewani. Mzee mmoja akajaribu. Akaona. Lakini Mzee Barasa akatikisa kichwa. "Hiyo inaonyesha gari ni wazimu. Haionyeshi yeye aligeuza wapi. Nani alimwona?"

Wazee wakanigeukia.

Mimi nilikuwa mpwa wake, ushahidi wangu ulikuwa wa bure.

Ndipo mama, kutoka ndani ya leso, akasema, "Mtoto, mwambie mzee, mikono ya huyu ilikuwa inakimbilia huko kwingine. Gari ndilo lilikuja kwangu."

Mzee Barasa akamgeukia polepole. "Uliona mikono?"

"Niliona."

"Mikono iko karibu na uso."

Mwanamke wa heshima zake, mbele ya wazee, akubali kwamba alimtazama mkwewe usoni?

"Uso pia niliuona," akasema. Hakupitishia kwangu. "Ulikuwa unaomba Mungu. Mtu anayekufuata kwa ubaya haombi Mungu."

Wazee wakakaa kwenye majani wakashauriana. Mwisho yule aliyejaribu usukani akasema watu walioonana mara tatu hawawezi kuambiwa wasahau sura. Kwetu iko njia ya kuondoa hii aibu, ila kwa kawaida hungoja ndoa ikomae. Mkwe anampa mama nguo, mama anampa kuku, wanasalimiana kwa mkono, basi. Akasema ifanyike leo kabla hili gari halijamwua mtu.

Khocha akavua koti lake zuri akalitoa. Nekesa akaleta kuku. Ikabaki salamu.

Khocha akanyoosha mkono wa kushoto.

Watu wakashika midomo. Yeye mwenyewe akauangalia ule mkono kama ni wa jirani. Akaurudisha, akatoa ule mwingine, akaurudisha tena kwa hofu. Mama ya Nekesa akacheka mpaka leso ikaanguka, akaikamata mikono yote miwili pamoja, akaitikisa.

Harusi ni baada ya mavuno. Nimealikwa, nyinyi hapana.

Funzo langu ni dogo. Kurefusha mkono ni sawa, sayansi haikukosea. Lakini kabla hamjashangilia kasi, mmoja ashike usukani na mwenzake asimame nje aangalie upande. Na usimwamini mtu anayekuambia amezoea, mpaka umwone akiogopa.

Penseli imefungwa hapa chini kwa kamba. Andikeni maoni, msichore ng'ombe. Mafundi waseme tungeufunga vipi ule mkono bila kuugeuza. Wengine wote nijibuni hili: ungekuwa wewe ndiye mama ya Nekesa, mbele ya mumeo na wazee wote, ungesema uliona uso?