Alhamisi Katika Kiti cha Dirishani

Miaka ile ziwa lilikauka, na upepo wa mchana ulileta vumbi jeupe la magadi hadi katikati ya mji wa Nakuru. Nilifuta vioo vya saluni kila asubuhi, na kufikia saa nane vilikuwa vimefifia tena kama macho ya mgonjwa.

Niliingia pale kufua taulo. Mwenye saluni alikuwa mjane wa Kizungu, mkali, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda kwa ugonjwa wa viungo. Alipoona hawezi tena kukanda uso wa mteja, aliamua kunifundisha mimi, binti wa mfanyakazi wa reli. Alinifunga macho kwa kitambaa, kisha akakaa mwenyewe kitini.

"Wewe shika," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Hapa iko mfupa. Hapa iko choka. Mkono yako ione."

Baada ya uso wake, wa kwanza niliokabidhiwa ulikuwa wa mke wa mkulima wa Kizungu wa pareto kutoka upande wa Molo. Mama huyo alikuja kila Alhamisi mchana, naye mumewe akimsubiri kwenye kiti cha ukutani, kofia magotini. Nywele zake zilikuwa ndefu, laini, zenye kujifunga mafundo kisogoni. Nikizichana kwa haraka, alikuwa akicheka na kusema, "Polepole, msichana."

Akafa kwa kichomi. Tulipata habari mwanzoni mwa wiki. Alhamisi ilipofika, saa yake ile ile, mlango ulifunguliwa na mumewe akaingia peke yake. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa suti. Alitandika skafu ya mkewe juu ya kiti cha dirishani alichozoea kukalia mama huyo, akaenda kukaa mahali pake pa siku zote.

Nilimtazama mwalimu wangu. Yeye hakunitazama.

"Fanya kazi," alisema.

"Nifanye nini, memsaab?"

"Yote."

Basi nikafanya. Nilitandaza taulo pale mabega yalipokuwa yakikaa. Nilichovya kitambaa katika maji moto, nikakikamua, nikakishika hewani hadi kikapoa. Nilipaka krimu vidoleni nikakanda shavu ambalo halikuwepo. Mwanzoni nilijiona mjinga. Halafu hisia hiyo ikanitoka, maana mikono ilikuwa ikienda yenyewe. Nje, upepo ulitikisa mabati.

Nikachukua kichana, nikakishusha nyuma ya kiti. Kikakwama.

Hapakuwa na kitu. Niliona meno yote ya kichana, yako wazi hewani, lakini hakikushuka. Nikavuta kidogo.

"Polepole," yule bwana alisema kutoka ukutani. "Yeye nasema iko naumia."

Sikupiga kelele. Nililegeza kiganja, nikaanzia chini kama nilivyofundishwa kufungua fundo, kidogo kidogo, mpaka kichana kikapita. Bwana akainuka, akakunja skafu, akanishukuru kwa sauti ya chini na kutoka.

Nyumbani, nilipomsimulia, mama alininawisha mikono kwa maji ya chumvi, akanikataza kurudi. Nilirudi. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyoogopa. Yule bwana hakuja tena. Watu walisema ameuza shamba na kurudi kwao kwa meli. Mwalimu wangu hakulitaja jambo hilo mpaka siku moja tulipokuwa tukikunja taulo.

"Ile siku, wewe nasikia kitu?"

"Kichana kilikwama, memsaab."

Aliitikia kwa kichwa. "Mimi naona mkono yako," alisema, akaendelea kukunja.

Siku chache baadaye aliniachia bibi harusi wa kutoka Njoro, niwe naye peke yangu. Nilipomgusa shavu, joto lake lilinishtua. Nikaanza kumuuliza maswali: gauni limeshonwa wapi, barabara ilikuwaje, amekula nini asubuhi. Nilimuuliza lolote lililonijia, ili tu aendelee kunijibu.