Bibi Aliyewafuata Mbu Wake Houston

Niite mwongo ukitaka, nimeshazoea. Mume wangu mwenyewe ameniita. Lakini jambo hili lilinipata mimi, Jumapili, jua linawaka, papa hapa Houston, na shahidi ninaye.

Kazi yangu ni kufuga mbu. Ndiyo, mbu. Cheka kwanza, nitakungoja. Katika maabara yetu tunachunguza virusi vya dengi: kwa nini ndani ya mbu mmoja virusi vinakwama tumboni, na ndani ya mwingine vinapenya mpaka kwenye mate, akikuuma unalala kitandani viungo vyote vinalia. Virusi vyenyewe viko chumba kingine chenye milango miwili, wala mimi siingii. Wangu ni mbu wazima tu. Nawalea tangu yai mpaka wanapopata mabawa, katika chumba chenye joto na unyevu, chumba pekee katika jiji hili ambacho kiyoyozi hakinigandishi. Nikiingia humo nahisi nimefika kwetu Mombasa.

Na safari hii mbu nao walikuwa wa Mombasa! Mamangu aliwahi kuugua dengi mpaka tukaanza kuitana kumuaga. Alipona, alhamdulillahi, nami nikamsumbua bosi wangu, Daktari Linh, mpaka akakubali tuagize mayai kutoka mtaani kwetu. Yakaja yamekauka kwenye karatasi, meusi, madogo kuliko ufuta. Nikayatia maji, yakaanguliwa, wakakua vizuri. Kisha wakagoma kula.

Mbu jike asipokunywa damu hatagi, huo ndio mwisho wa ukoo. Sisi tunawapa damu ya kondoo iliyopashwa moto, ndani ya kikombe chenye utando mwembamba, kinakaa juu ya wavu wa kizimba. Hawa wangu wanakuja, wanakaribia, wanageuka. Wakawa wanakufa mmoja mmoja. Karatasi nyingine ya mayai hakuna, na Daktari Linh alikuwa ameniambia, kwa upole, kwamba wiki hiyo ikipita bila mayai tunaachana nao. Nililia garini, usidhani sikulia.

Basi Jumapili hiyo tulikuwa mtaa wa Alief kwenye arusi ya mdogo wangu. Biriani sijaimaliza, nikaaga, nikaenda maabara kuwajaribu tena mbu wangu. Nikafungua mlango kwa kadi yangu. Ndani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi bibi mmoja, leso zake za rangi ya machungwa, jino la mbele hana, ananichekea.

Nikadhani ni mgeni wa arusi. Wewe ungedhani nini? Mabibi wa namna hiyo nilikuwa nimewaacha ukumbini wamejaa tele, nikasema huyu labda alijilaza kiti cha nyuma cha gari langu.

"Shikamoo, bibi. Huku haingii mtu bila ruhusa."

"Marahaba, mwanangu. Nimewafuata mbu wangu," akasema. "Wametoka mtungini mwangu, ule uliomeguka mdomo, uani nyuma ya msikiti. Wanitazama nini? Wana wakisafiri, mama hapati usingizi."

Akainamia kizimba mpaka pua ikagusa wavu. Sasa nisikilize vizuri. Sisi wafuga mbu tuna mchezo wetu: mgeni akija tunamwambia apulize kizimbani. Akipuliza tu, majike wote wanaruka kumfuata, maana pumzi ndiyo inayowaambia hapa pana mtu. Yule bibi aliongea, akacheka, uso uko pale pale wavuni. Hakuna mbu hata mmoja aliyetikisa bawa.

Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy, nikaichanganya. Naye akanisubiri, halafu akanisahihisha pale nilipokosea! Niambie, jini gani huyo?

"Ushamaliza? Haya, hebu jinuse. Wawafukiza wanangu kwa udi, kisha wataka wale?"

Nikajinusa. Ewe Mola! Shangazi yangu alikuja kutoka Arlington kwa ajili ya arusi, amebeba chetezo chake, na tangu afike kila asubuhi alikuwa akitufukiza nyumba nzima, nguo, mitandio, nywele. Harufu tuliizoea hata hatuisikii. Na siku zote hizo mimi ndiye niliyekuwa nikiinama juu ya kikombe kile na mtandio wangu unaonukia kama pepo. Watu wengine wote pale wanajua kuacha manukato nyumbani. Lakini udi, kwetu sisi, nani anauhesabu kuwa manukato? Udi ni usafi!

"Toa mtandio huo uweke nje. Kisha wape harufu ya mtu."

"Harufu gani, bibi?"

"Una soksi?"

Nilikuwa nazo kabatini, nilizozivaa wiki nzima kazini. Nikachukua moja, nikausugua nayo utando wa kikombe, nikaiweka kando, nikakirudisha kikombe juu ya wavu. Hawakuja.

"Puliza," akasema. "Pumzi unayo wewe. Mimi ningekuazima, lakini yangu nimesharudisha."

Nikapuliza. Wallahi, waliinuka wote! Wakajazana chini ya kikombe, matumbo yanavimba, yanakuwa mekundu kama punje za komamanga. Bibi akapiga vigelegele. Nami, kwa furaha, nikampokea. Tulipiga vigelegele mpaka kuta zikaitika. Nilipogeuka nimkumbatie, nilikuta ndoo peke yake.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Jean-Claude, mwenzangu kutoka Bukavu, anayeosha trei chumba cha pili.

"Dada, banakunywa! Angalia matumbo!" Akacheza papo hapo. Kisha akaangaza huku na huku. "Na ule mama mwingine ameenda wapi? Nilisikia bamama babili banapiga vigelegele."

Huyo ndiye shahidi wangu.

Niliporudi nyumbani nilimweleza Shangazi: leso, jino, mtungi uliomeguka. Akaketi chini.

"Huyo ni Bi Zuhura. Tulimzika zamani. Mtungi wake bado uko uani. Alicheka?"

"Alicheka sana."

"Basi ndiye," akasema, akalia na kucheka kwa pamoja.

Mbu wale walitaga, na wajukuu wao wanaendelea kutufundisha mambo ya virusi. Mlangoni pana tangazo jipya la Daktari Linh: marufuku udi. Mimi mpaka leo siingii mle bila kutoa salamu, hata chumba kikiwa kitupu.

Nawe nakuonya. Ukikaa nje na watu jioni, kila mmoja anajipiga makofi miguuni, ukaona mmoja ametulia tu, usimuulize amejipaka dawa gani. Mwamkie kwa adabu. Mitungi ya maji ifunike, dengi si mzaha. Na mbu akikuuma, muue, hata Bi Zuhura hatakulaumu. Lakini kwanza sema alhamdulillahi. Amekujia kwa sababu pumzi bado unayo.