Shimo la Kupimia Udongo

Naombeni msinicheke sana. Juzi nilitumwa Mkuyuni kukagua kiwanja cha zahanati kabla sijachora ramani: bomba la maji limepita wapi, nguzo ya umeme iko umbali gani, udongo una hali gani. Kuripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji nikaona kutanichelewesha. Mimi, msomi wa mjini, nikashika jembe na kuanza kuchimba shimo la kupimia udongo, jembamba, refu, la kunifika kifuani.

Hata kiunoni halijafika, wakaja wanaume kadhaa na majembe yao. Walinisalimia kwa sauti ya chini, wakanipokea jembe, wakachimba kwa zamu. Niliwaahidi soda, wakakataa kama nimewatukana. Nikajisemea, hawa watu wanaitaka zahanati kweli. Baadaye wakafika kina mama wamejitanda kanga, wakatandika mikeka kivulini, kimya. Moyo ukanijaa. Nikaona umati kama huu haufai kuachwa bila hotuba.

Nikapanda juu ya kifusi, nikajifuta jasho, nikatabasamu.

"Ndugu zangu, asanteni kwa kujitokeza. Tumeanza vizuri. Msichoke, bado mashimo matatu kama hili."

Mama mmoja akashika kichwa. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akasogea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akinishika bega.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Kwani wamefariki wangapi?"

Umati mzima ulikuwa unanitazama, na mimi meno yote bado yako nje.