Mtoto Hajambo?

Ofisini walimwita Chapuchapu, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuwapigia simu kina mama mia mbili na kumi na wawili waliochanjwa wakiwa wajawazito, kila mmoja mara moja kwa wiki, ili watafiti wajue kama chanjo ile ni salama kwa mama na mtoto. Wenzake walihangaika na orodha zao hadi Ijumaa jioni. Yeye Jumatano mchana keshamaliza, anakunywa chai na kuwacheka. "Mtoto hajambo?" "Hajambo." Anatia tiki, haya, anayefuata.

Asubuhi moja mama nambari themanini na nane aliingia ofisini mwenyewe. Chapuchapu alimchangamkia kama ndugu.

"Karibu, dada. Mtoto hajambo?"

"Hajambo," alijibu yule mama, akaweka mezani kipimajoto alichopewa na mradi. "Nimekuja kuwarudishia hiki. Mtoto alifariki. Leo wiki ya tatu."

Chapuchapu alipigwa na butwaa. Kalamu ilimdondoka, wala hakuinama kuiokota.

"Lakini Jumatatu nilikupigia. Uliniambia hajambo."

"Si ulinisalimia?" mama alisema, bila hasira. "Salamu ningeijibuje, dada? Nilipotaka kukueleza, ulikuwa umeshakata."

Mama alipoondoka, Chapuchapu alifungua daftari. Tiki juu ya tiki, zimenyooka, safi, za kupendeza macho. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Miezi saba yote alikuwa akiandika salamu, na nyuma ya tiki zile hakujua nani mzima na nani hayupo. Alikwenda kumwambia daktari wa utafiti.

Daktari alikaa kitini polepole. Pengine chanjo haihusiki kabisa na kifo kile, alisema, pengine inahusika. Hilo ndilo walilotakiwa kulijua, na hawalijui. Ripoti ilikuwa iende wiki ijayo, imeandikwa kwamba watoto wote ni wazima.

Chapuchapu alirudi mezani akaanza upya, nambari moja. Mtoto wa kwanza ananyonya vizuri. Wa pili alikohoa, akapona. Wa tatu alisikika mwenyewe akilia. Akapiga nambari nne.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Safari hii hakukata simu. "Na jana usiku alilalaje?"

"Dada," mama alisema, sauti imeshuka, "kwani leo unauliza kweli?"