Muhogo Uliotolewa Majini Mapema

Kwetu Fizi, muhogo mchungu hauliwi siku unapong'olewa. Unamenywa, unalowekwa kwenye kidimbwi pembeni mwa kijito, unaachwa humo mpaka ulainike na harufu yake ikufikie kabla hujafika. Ndipo unatolewa, unavunjwavunjwa, unaanikwa juu ya mwamba, unatwangwa, na unga wake ndio tunaosongea bugali. Dada yangu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akikandamiza kidole gumba katikati ya muhogo. Kikiingia bila nguvu, ulikuwa tayari. Kisipoingia, aliurudisha majini, hata kama nyumbani watu walikuwa na njaa.

Dada alifariki kwa ugonjwa wa tumbo kabla ya mvua za mwaka uliopita. Aliacha mtoto mmoja wa kike, wa miaka minane. Baba ya mtoto alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu zamani na hatukupata tena habari zake, kwa hiyo mtoto akabaki kwangu. Mimi sikuzaa. Ananiita mama mudogo, kama alivyoniita tangu alipoanza kusema. Kwenye kilio watu walishangaa kwamba silii. Nilikuwa nafikiria huyu mtoto atakula nini.

Msimu ule risasi zilikuwa zinasikika kwenye milima, siku nyingine mbali, siku nyingine karibu na mashamba. Kidimbwi chetu kilikuwa bondeni, mahali ambapo mtu hawezi kuona nani anakuja. Bamama walianza kuogopa kukaa kule. Tulikwenda kwa kikundi, tukatumbukiza muhogo, tukaondoka mbio. Na tukarudi kuutoa mapema, kwa sababu kila asubuhi tuliamka tukisema pengine leo ndiyo siku ya mwisho ya kushuka bondeni. Ndivyo tulivyokula kwa muda mrefu, bugali yenye uchungu kwa mbali, na kila mtu alijifanya haoni.

Siku tuliyokimbia, nilikuwa na muhogo majini. Nilishuka kuutoa pamoja na jirani yangu, mama mzee. Alishika mmoja wa kwangu, akaugonga kwenye jiwe. Ulilia kama ubao.

"Hii haiyalainika," akasema.

"Najua, mama."

"Unajua, na unabeba?"

"Tutakula nini kule chini?"

Aliinama akatoa wa kwake, na wa kwake ulikuwa mgumu vilevile. Tukapanda na vikapu vyetu vinavyovuja maji mgongoni, na mchana ule mimi na mtoto tukashika njia ya Baraka, mji ulio kule chini kando ya ziwa.

Baraka anakaa shangazi yangu, dada ya baba. Kwenye kiduka cha mbele ya nyumba anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokauka, na mdomo wake haujawahi kukauka. Alitupokea vizuri. Alitupa chumba cha nyuma, akaangalia kikapu changu, akasema, "Mutoto ya kaka yangu, umenikimbilia na kuni?" Mtoto alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mama yake aende.

Ule muhogo niliukatakata, nikauanika juu ya bati, nikautwanga. Shangazi alikuwa amekwenda Uvira kwa mambo ya biashara yake, na boti hazikuwa zinatembea vizuri, kwa hiyo akachelewa. Sikutaka kugusa ndagala zake bila ruhusa. Tukala bugali na sombe tupu, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa chumvi na mawese kidogo. Ulimi wangu uliniambia kwamba uchungu bado upo. Nilimeza, nikamwambia mtoto ale. Jioni moja alishika kichwa, akasema nyumba inazunguka, akatapika mlangoni. Asubuhi alikuwa mzima, akaenda kucheza.

Shangazi aliporudi ndipo niliposikia. Tulikuwa ufukweni mahali wanawake wanaponunua samaki, yeye anazungumza na wenzake, mimi nimeshika beseni. Mmoja wao alitoka upande wa Makobola.

"Ile mutoto ya kule mulimani," shangazi akasema, "alilala muzima. Asubuhi anataka kusimama, miguu inakataa. Mpaka leo anatembea kama mukasi, goti linakata goti."

"Walimuloga," mwanamke mmoja akasema.

"Walimuloga na nini? Banasema ni muhogo. Walikuwa wanatoa haraka juu ya vita."

Mwanamke wa Makobola akasema kwamba hata kwao aliona mmoja, na hakupona. Wakaendelea na bei na upepo. Mimi sikusikia tena kitu.

Nilimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, nikamwambia ni kwa ajili ya kule kutapika. Muganga alimpiga kwenye magoti na mpini wa kitu fulani, akamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Akamtuma nje akacheze. Nikamwambia muganga ukweli wote, kwa sababu sikuona faida ya kudanganya mtu niliyemfuata anisaidie.

"Sana sana ile ugonjwa ya miguu inapata wale wanaokula hivyo muda mrefu, bila samaki, bila maharage," akasema.

"Tulikula hivyo muda mrefu."

Akaniambia unga uliobaki nisiupike vile ulivyo. Niuloweshe kwa maji uwe kama udongo, niutandaze mwembamba mahali penye kivuli na hewa, niusonge baada ya saa kadhaa, na tule siku zote na samaki. "Na mutoto, mwangalie anavyotembea. Miguu ikianza kukakamaa, mulete siku ileile. Lakini usimutishe."

Nilifanya alivyosema, kisha bado nikaogopa, nikaumwaga unga wote kwenye shimo la takataka. Shangazi aliniona. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyeleta unga kutoka sokoni, na ndagala zikawa kwenye kila sahani. Lakini kile ambacho mtoto alikwisha kula, kilikuwa ndani yake, na hakuna mtu aliyeweza kukitoa.

Kumwangalia mtoto anavyotembea bila kumtisha si kazi rahisi. Hapo ndipo kufuma kuliponisaidia. Hilo nalo ni dada alinifundisha. Yeye alijifunza kwa bamama wa parokia, mimi nikajifunza kwa kumwangalia. Sindano zetu ni vyuma vyembamba vya gurudumu la baiskeli, tumevisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Mjukuu wa shangazi alikuwa karibu kuzaa, na ingawa Baraka kuna joto, mtoto mchanga asiye na kofia ya triko, ile ya kufumwa kwa uzi, atasemwa na mtaa mzima. Nikasema nitamfundisha binti ya dada kufuma ile kofia.

Kofia hiyo ni rahisi sana kufuma. Unaanza na vitanzi vinavyotosha kuzunguka ngumi zako mbili zikikutana, unakwenda na kurudi, kitanzi kwa kitanzi, namna moja tu, mpaka unapata kipande kirefu kama kiganja na vidole vyake. Unakikunja, unashona ubavu, unapitisha uzi juu na kuukaza kama mdomo wa mfuko. Mtu wa umri wake anaweza kuimaliza. Nilikaa naye uani, mgongo ukutani, na nikajifunza kufanya mambo mawili kwa mara moja, kufundisha na kumchunguza. Nikimwangalia vidole, niliona kama vinatetemeka. Na mpira wa uzi niliuacha uanguke.

Niliuangusha, ukabingirika, naye akaukimbilia. Nikaangalia magoti. Aliporudi niliangalia visigino. Baada ya muda mfupi ukaanguka tena. Siku nyingine niliusukuma kwa mguu mpaka karibu na lango, ili aende mbali.

"Mama mudogo," akasema siku moja, "uzi wako iko na miguu?"

"Mikono yangu imechoka."

"Basi weka ndani ya kikombe. Mama alikuwa anaweka ndani ya kikombe."

Ni kweli, dada alikuwa anauweka kwenye kikombe cha bati ili usichafuke. Nilikuwa nimesahau. Tulileta kikombe, na siku ile nikatafuta sababu nyingine: niletee maji, niitie nyanya yako, kaangalie kama mbuzi yupo. Alikwenda kila mara. Usiku niligusa miguu yake akiwa amelala, na ilikuwa laini, na bado sikuamini.

Siku aliyoanguka ilikuwa mchana. Alikuwa amekaa muda mrefu kwenye mkeka anamalizia ule mshono wa ubavuni, amekunja miguu chini yake. Shangazi alimwita dukani. Alisimama, akapiga hatua, na mguu wa kulia ukamwacha. Akaanguka kwa uso, kofia mkononi.

Sijui nilisema nini. Shangazi anasema nilipiga kelele kama mtu aliyeletewa maiti, na watu watatu wakaingia uani. Nilimwinua kwapani, nikamwambia simama, simama, nikamwacha, akaanguka tena. Alikuwa anacheka. Akasema mguu unamchoma kama siafu wamejaa ndani. Shangazi akapiga magoti akaukanda, akimtukana kwa upole, "Unakalia muguu yako kama kuku anakalia mayai, unafikiri itaangua?" Baadaye kidogo mtoto akasimama, akatembea mpaka dukani na kurudi, vizuri kabisa. Mguu ulikuwa umekufa ganzi tu.

Watu walicheka, wakatoka. Mtoto hakucheka tena. Alikuwa ameuona uso wangu.

"Juu ya nini ulilia?"

Ningeweza kumwambia ni kwa sababu ya mama yake. Angeamini. Lakini sijui kumdanganya mtu anayeniangalia machoni, na huyu ana macho ya dada. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu muhogo, na kidimbwi, na mtoto wa mlimani, na kwa nini mpira wa uzi ulikuwa unaanguka.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe ulijua ni muchungu?"

"Nilijua."

"Na mi nilijua," akasema. "Lakini ulikuwa unakula, basi nikakula."

Jioni ile alikataa bugali. Kesho yake akakataa tena. Alikula ndizi, alikula ndagala kwa vidole, alikunywa uji wa mahindi, lakini unga wowote wa muhogo alisogeza sahani kwa mkono. Shangazi alimwambia ule ni unga wa sokoni, watu wote wanakula. Mtoto akauliza nani aliutoa majini. Hakuna aliyejua. Nikaona amepungua mashavu, na hofu yangu ikabadili mahali: sasa niliogopa tumbo lake tupu, na nilijua ni mimi niliyemtia hofu hiyo kwa maneno yangu.

Ikabidi tuloweke wenyewe. Shangazi alinunua muhogo mbichi, akatoa pipa lake la maji, na tukauweka uani mbele ya macho ya mtoto. Harufu ilipoanza, jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama tunahifadhi marehemu. "Njoo umutambue," shangazi akamjibu. Kila asubuhi mtoto alifunua pipa, akachagua muhogo, akachomeka sindano yake ya kufumia. Ilikwama.

"Bado."

"Jana bado, leo bado," shangazi akasema. "Tutakula krismasi?"

"Nyanya, bado."

Mimi nilijua kwa kidole kwamba ilikuwa imebaki kidogo tu. Nilimwachia yeye aamue. Asubuhi ambayo sindano ilipita mpaka upande wa pili, alichomeka mingine yote, mmoja mmoja, hata ile midogo ya chini kabisa, akiwa amezamisha mkono mpaka kwapa kwenye maji yale yanayonuka. Kisha akasema tuutoe.

Tulianika, tukatwanga, tukachekecha. Nikachemsha maji kwenye mbabula ya makaa, nikasonga, nikaweka katikati pamoja na ndagala zilizoungwa kwa nyanya na pilipili. Bugali ilikuwa nyeupe na haikuwa na uchungu wowote. Mtoto aliketi, mikono mapajani.

"We kula kwanza," akaniambia.

Nilikula. Shangazi akanyoosha mkono, mtoto akamwambia naye asubiri, na mara hii shangazi akasubiri. Nilimeza tonge la pili, la tatu. Aliniangalia kama mimi nilivyokuwa nikimwangalia, na nikajua jinsi inavyochosha kuangaliwa hivyo.

"Simama," akasema.

Nilisimama. Nikatembea mpaka langoni, nikarudi. Bugali ilikuwa inapoa, na shangazi alikuwa anaangalia ardhi. Mtoto alinawa mikono upya, akamega tonge dogo, akalishika muda mrefu kabla ya kulitia mdomoni. Nilikaa karibu naye, sikuweza kula tena. Nilisikiliza anavyotafuna.