Kiti cha Safina Kwenye Kamati ya Korosho

Safina Nampoto wa Magomeni, Mtwara, alikuwa amebangua korosho miaka ishirini na mitatu alipokuja mtu kumwambia kwamba hajui kuzibangua. Mtu huyo alikuwa mkaguzi, Godfrey, mpole wa sauti, kasimama mlangoni pa kiwanda chake kidogo na karatasi mkononi.

"Mama, kiwango kipya kinataka boila, ule mtambo wa mvuke wa kulainishia maganda. Hili pipa lako la mvuke halimo."

"Korosho zangu zina ubaya gani?"

"Hazina ubaya. Ila pipa halimo."

Wanawake kumi na wanne waliokuwa wakibangua wakaacha kazi, wakageuka kumtazama. Safina damu ilimchemka.

"Nani kaandika hicho kiwango?"

"Kamati ya viwango vya korosho. Kampuni zilialikwa, zikakaa mwaka mzima. Hata ninyi mliandikiwa."

Binti yake, Latifa, akapekua faili, akaitoa barua. Kweli, waliandikiwa. Safina aliikumbuka: aliiweka kando akidhani vikao vile ni vya wenye suti. Akajilaumu sana. Kisha akaomba orodha ya wajumbe, na alipofika jina la tatu hasira ikapata pa kwenda. Ilikuwa kampuni inayouza boila.

"Kumbe hawa hawakufuata chai ya kikao!" alifoka. "Walikwenda kuandika bidhaa yao iwe lazima kwa kila mtu!"

Bahati nzuri kamati ilikuwa bado inapokea maoni ya marekebisho. Safina akapeleka korosho zake maabara, akaingia kikaoni na majibu. Bwana Asadi wa kampuni ya boila akatabasamu.

"Mama, sisi tunalinda ubora."

"Ubora uko kwenye korosho au kwenye boila? Pimeni unyevu, pimeni usafi. Zangu zikishindwa, nifungieni. Lakini msiandike chombo mnachokiuza wenyewe, halafu mkaniita mimi mchafu!"

Mwenyekiti, Raheli, akayasoma majibu ya maabara mara mbili. Baada ya mabishano marefu neno "boila" likafutwa; ikaandikwa chombo chochote cha mvuke kinachofikisha joto linalotakiwa.

Pipa likapona. Lakini kifungu kinachotaka mashine ya kufungashia, ambayo hana, kilikuwa kimeshapita kabla hajaingia kikaoni, na hadi leo Safina anapeleka korosho zake kufungashwa kwa watu wenye mashine Mikindani. Kila akizipakia kwenye bajaji hukunja uso. Yeye sasa ni mjumbe wa kamati. Hajakosa kikao hata kimoja, na rasimu huzisoma neno kwa neno.